Kutoka "Twendapi?" hadi "Siwati": Swali, Jawabu na Wapigania Haki katika Maandishi ya Abdilatif Abdalla na Alamin Mazrui

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya umezoea kuwagawa wapigania haki katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mashujaa wa kubuni, ambao tunawachambua chini ya kichwa cha "wahusika". La pili ni la waandishi wenyewe waliofungwa kwa sababu ya maandishi yao. Hawa tunawataja kwa ufupi chini ya kichwa cha "maisha ya mwandishi", kisha tunaharakia vina na mizani. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huu umetugharimu. Umetufanya tuisome Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973) kama diwani ya malalamiko ya mfungwa, ilhali ni zamu ya pili katika mazungumzo yaliyoanza nje ya gereza, kwa swali lililoulizwa hadharani.

Fikira hii ilizuka darasani. Katika semina moja ya wanafunzi wa uzamili, mwandishi wa makala haya aliwataka wanafunzi walichambue shairi la "Siwati". Uchambuzi wao ulikuwa wa kuridhisha. Walihesabu mizani, wakabainisha vina vya ndani na vya nje, wakataja takriri na uhuru wa kishairi, wakahitimisha kwamba dhamira ya shairi ni "msimamo imara". Ndipo mwanafunzi mmoja, aliyekuwa kimya muda wote huo, akauliza: "Mwalimu, hasa ni kitu gani ambacho hawati?" Hapana aliyemjibu. Walijua kwamba mshairi alifungwa. Hawakujua alisema nini hata akafungwa. Kosa halikuwa lao. Ni mwalimu aliyekuwa amewafundisha kwamba msimamo waweza kuhakikiwa bila ya kulijua jambo lenyewe linaloshikiliwa.

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali la mwanafunzi yule. Tutaanza na kijitabu kilichomtia mshairi gerezani, kisha tutatazama jinsi lugha na umbo la mashairi yake vinavyoliendeleza swali la kijitabu hicho. Baadaye tutamlinganisha na Alamin Mazrui, mwandishi mwingine wa Mombasa aliyetiwa kizuizini, ili tuone kama hoja yetu kuhusu umbo inasimama. Mwisho tutauliza ni nani hasa waliomo katika "sisi" ya wapigania haki hawa.

Kosa la Kuuliza

Mnamo Novemba 1968, kijana wa miaka 22 aliandika kijitabu kilichosambazwa kwa siri na kupewa anwani Kenya: Twendapi? Kijana huyo alikuwa Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946 na kulelewa katika jamii ya washairi. Alikuwa mfuasi wa chama cha Kenya People's Union, kilichoundwa mwaka 1966 chini ya uongozi wa Jaramogi Oginga Odinga. Katika uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya wa mwaka 1968, karatasi za uteuzi za wagombea wa chama hicho zilikataliwa kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa, na wagombea wa KANU wakapita bila kupingwa. Chama chenyewe kilipigwa marufuku Oktoba 1969.

Kijitabu kiliishutumu serikali kwa kuelekea kwenye udikteta na kwa kuwafungia wapinzani njia ya sanduku la kura. Mwandishi wake alishitakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa, akafungwa miaka 3, kuanzia 1969 hadi 1972, muda mwingi akiwa ametengwa peke yake. Humo gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za msalani, yakatolewa nje kwa siri. Ndiyo yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Yaani tuzo iliyokuwa na jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Kejeli hiyo imetajwa mara nyingi, nasi hatuna haja ya kuikuza.

Jambo ambalo halijatiliwa maanani ya kutosha ni umbo la anwani ya kijitabu. "Twendapi?" ni swali, na ni swali la nafsi ya kwanza wingi. Mwandishi angaliweza kuuliza "Mwatupeleka wapi?" na hivyo kuwatenga watawala upande mmoja na watawaliwa upande wa pili. Angaliweza pia kutangaza, "Kenya yapotea." Badala yake alitumia kiambishi tu-, ambacho kinamweka muulizaji, msomaji na hata mtawala katika safari moja. Ndani ya kiambishi hicho mna dai la kisiasa: kwamba nchi ni ya wote wanaosafiri nayo, na kwamba kila msafiri ana haki ya kujua njia. Kwa hiyo hata kabla msomaji hajaufungua ukurasa wa kwanza, sarufi ya anwani imekwisha kuupinga mfumo ambao ulimpa mtu mmoja na chama kimoja uwezo wa kuamua mwelekeo kwa niaba ya wengine.

Tukilitazama hivyo, hukumu ya mahakama nayo inapata maana ya kifasihi. Gereza ni chombo cha kuigeuza "tu" kuwa "ni". Humwondoa mtu katika kundi lake, humpa nambari, humfungia peke yake. Swali la kihakiki basi ni hili: je, mashairi ya gerezani yanakubali mgeuzo huo?

Sarufi ya Msimamo

Kwa mtazamo wa haraka, jibu ni kwamba yanakubali. Nafsi iliyotamalaki katika diwani ni nafsi ya kwanza umoja. Anwani mbili mashuhuri zaidi, "Siwati" na "N'shishiyelo ni Lilo", zote zinaanza na mtu mmoja anayejinenea. Hapo ndipo wahakiki wengi wametua na kusema kuwa hii ni fasihi ya nafsi, ya uchungu na ustahimilivu wa mtu binafsi.

Lakini tuzingatie lugha yenyewe. "Wata" ni neno la Kimvita lenye maana ya "acha". "N'shishiyelo" nalo limeundwa kwa hali timilifu ya zamani ya lahaja za kaskazini, ambayo Kiswahili sanifu hakikuirithi. Tukisema kwa Kiswahili sanifu "nililolishika", tumetaja tendo lililopita, na msikilizaji haambiwi kama mshikaji angali ameshika au amekwisha kuachia. Tukisema "ninaloshika", tumetaja tendo la sasa, na msikilizaji hajui lilianza lini. Shina "shishiye" hubeba yote mawili: kushika kulikwisha kutendeka, na hali ya kushika ingalipo. Kwa maneno mengine, lahaja ya mshairi ina umbo la kisarufi ambalo kazi yake ni kueleza jambo lililoanzwa zamani na ambalo halijaachwa.

Hii ndiyo sababu anwani hiyo haiwezi kutenganishwa na kijitabu cha 1968. Kiambishi cha urejeshi -lo kinaelekeza kwenye "neno" au "jambo" ambalo limekwisha kujulikana na wazungumzaji. Ni lipi? Ni lile lililosemwa katika Kenya: Twendapi? Shairi halilirudii kwa kuwa halina haja ya kulirudia. Msikilizaji anayestahiki anakwisha kulijua. Mwanafunzi wetu aliyeuliza "hawati nini?" alikuwa ameligusa pengo ambalo shairi lilimwachia kusudi. Sisi tuliokuwa na vina na mizani mikononi hatukuona hata kama pengo lipo.

Shairi Lidailo Jawabu

Hapa twahitaji kurejelea mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970. Kufuatia kuchapishwa kwa Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974 na Malenga wa Bara cha Mulokozi na Kahigi mwaka 1976, ulizuka ubishi mkali baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Katika ubishi huo, na hasa katika mafunzo ya vyuoni yaliyoufuata, ilijengeka dhana kwamba arudhi ni kongwe na huenda ikawa pingu ya mawazo mapya, wakati shairi huru ni la kimapinduzi. Sauti ya Dhiki huitatiza dhana hiyo. Hii ni mojawapo ya diwani zenye siasa kali kabisa za upinzani katika Kiswahili cha baada ya uhuru, nayo imejengwa kwa arudhi.

Maelezo ya kawaida ni kwamba arudhi ilimfaa mfungwa kwa sababu beti zenye vina na mizani ni rahisi kukariri. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Kuna sababu nyingine iliyo ndani ya desturi ya ushairi wa Mvita. Katika desturi hiyo, shairi ni zamu katika mazungumzo. Anayetunga hutupa neno, na mwenziwe, au hasimu wake, hulazimika kujibu kwa bahari ile ile, mara nyingi kwa vina vile vile. Ndivyo walivyofanya washairi wa Mombasa na wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, wakati miji hiyo miwili ilipokuwa ikihasimiana. Muyaka bin Haji alitunga katika mazingira hayo, na mashairi yake ya kisiasa hayaeleweki vizuri mpaka tukumbuke kwamba kulikuwa na upande wa pili uliokuwa ukisikiliza na kujibu. Umbo la shairi lilikuwa pia baraza: mahali ambapo mtu asiye na cheo angeweza kumkabili mwenye cheo, mradi azifuate kanuni za mchezo.

Abdilatif anaitumia kanuni hiyo kikamilifu. Katika "Mamba", mnyama aliyejitapa kuwa ndiye mwenye mto anasemeshwa ana kwa ana na kuonywa kwamba nguvu zake zina kikomo. Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute", shairi zima ni mabishano ya wawili juu ya mnazi: mmoja ameshaukalia na kufaidi, mwingine anadai kwamba mnazi si wa mtu mmoja. Fumbo ni jepesi kulifumbua. Linalotuvutia ni kwamba mtunzi amempa mkaliaji mnazi nafasi ya kusema. Amefanya kwenye karatasi ya msalani jambo ambalo serikali ilikataa kulifanya katika nchi: amempa mpinzani zamu yake. Mfungwa aliyenyimwa haki ya kusikilizwa anamsikiliza aliyemfunga.

Kwa hiyo jibu la swali tuliloliuliza hapo juu ni kwamba mashairi haya hayakukubali kugeuzwa "ni". Nafsi ya umoja inayosema "siwati" inasema kwa umbo ambalo, kwa desturi yake, lina mtu wa pili ndani yake. Kila ubeti ni mwito. Iwapo hakuna anayejibu, upungufu ni wa jamii iliyonyamazishwa, wala haumo katika shairi.

Yafaa tujihadhari, hata hivyo, tusije tukaipa arudhi sifa isiyostahili. Vina na mizani hivyo hivyo vimetumiwa kuwasifu watawala katika redio, magazetini na kwenye sherehe za kitaifa tangu uhuru. Katika mashairi hayo ya sifa, umbo limebaki lakini mazungumzo yamekufa, kwani hapana anayetarajiwa kujibu sifa za rais kwa shairi lenye hoja kinyume. Arudhi peke yake haimkomboi mtu. Inayokomboa ni ile kanuni ya zamu, pale inapoheshimiwa.

Mfungwa wa Pili

Kipimo kizuri cha hoja hii ni Alamin Mazrui. Yeye pia ni mtu wa Mombasa na analijua vyema jadi la ushairi wa Mvita. Mwaka 1982, akiwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Kenyatta wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani hadi 1983. Mashairi ya Chembe cha Moyo yalichapishwa mwaka 1988. Mengi yake ni mashairi huru.

Kwa mtazamo wa mgogoro wa 1970, tungesema tu kwamba Mazrui ni mwanamabadiliko na Abdilatif ni mwanamapokeo, na mjadala ungeishia hapo. Lakini tukiuliza swali la makala haya, yaani kila umbo linachukulia kuna mazungumzo ya namna gani, tunaona jambo jingine. Abdilatif alishitakiwa mahakamani. Hata kama haki haikutendeka, kulikuwa na shitaka, kulikuwa na utetezi, kulikuwa na maneno yaliyosemwa na kujibiwa. Mazrui hakupewa hata hilo. Kizuizi bila kesi ni adhabu isiyo na hoja: mtu haambiwi kosa lake kwa namna anayoweza kuijibu. Aidha, diwani yake ilitoka katika kipindi ambacho watu walikuwa wakikamatwa kwa tuhuma za kuhusika na Mwakenya, na katika mwaka ule ule wa 1988 ambapo uchaguzi wa mchujo ulifanywa kwa mlolongo, wapigakura wakijipanga nyuma ya wagombea mbele ya macho ya machifu.

Katika hali hiyo, mtunzi angemtupia nani zamu? Mistari mifupi ya Chembe cha Moyo, inayokatika ghafla na isiyosubiri kina cha kukifunga, inaafikiana na nchi ambayo mazungumzo yamekatwa. Mshairi anajisemesha mwenyewe, anausemesha moyo wake, kwa kuwa wengine wametiwa hofu. Tunathubutu kusema kwamba uhuru wa umbo hapa ni kumbukumbu ya mnyamo wa jamii, na kwamba Mazrui alichagua umbo lisilodanganya kuhusu mnyamo huo. Kuutungia shairi la kujibizana katika wakati ambapo hapana anayethubutu kujibu kungekuwa ni kujifanya kwamba baraza lingali wazi.

Ikiwa hoja hii ina uzito, basi mgogoro wa ushairi unahitaji kuulizwa upya. Swali la umbo lipi ni la kimaendeleo halina jibu moja. Swali lenye manufaa ni hili: umbo hili linachukulia kwamba jamii ingali inajibu, au kwamba imekwisha kunyamazishwa? Watunzi wawili wa mji mmoja, wakipigania haki ile ile miaka 13 mbalimbali, walitoa majibu mawili, na kila mmoja alikuwa mwaminifu kwa wakati wake.

"Sisi" ni Nani?

Hata hivyo, mhakiki hawezi kuishia kwenye sifa. Ikiwa tumesema kwamba nguvu ya "Twendapi?" imo katika kiambishi tu-, hatuna budi kuuliza ni nani waliomo humo.

Pingamizi la kwanza ni la lugha. Ile hali timilifu tuliyoisifu inamtatiza msomaji wa Kakamega, Kisii au Machakos, ambaye alijifunza Kiswahili sanifu shuleni. Uzito wa Kimvita unaoupa msimamo wa mshairi mizizi ndio huo huo unaoweza kumtoa barazani Mkenya mwingine. Lakini hatuoni kwamba dawa ni mshairi kuiacha lahaja yake. Dawa ni mwalimu kuifundisha, na kuifundisha kama hazina ya maana. Kuifundisha kama orodha ya msamiati mgumu unaopaswa kutafsiriwa na kusahauliwa si kuifundisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mabishano ya kisiasa katika Sauti ya Dhiki ni mabishano ya wanaume. Baraza ambalo shairi la kujibizana linatokana nalo, kwa sehemu kubwa, lilikuwa baraza la wanaume, na kanuni ya zamu haikumfikia kila mtu. Ingawa wanawake wa pwani wametunga tangu zamani, na Mwana Kupona ni shahidi, siasa ya mji ilijadiliwa mahali ambapo wengi wao hawakukaa. Mfumo dhalimu uliopingwa ulikuwa ule wa serikali. Ule wa nyumbani haukuguswa sana.

Ni Mazrui, katika tamthilia yake Kilio cha Haki (1981), aliyoitunga kabla ya kuwekwa kizuizini, aliyelifungua jambo hili. Lanina, kiongozi wa wafanyakazi katika shamba la mlowezi Delamon, anapigana katika nyanja mbili kwa wakati mmoja. Mbele yake yuko mwajiri anayewanyonya vibarua, na nyuma yake wako wanaume wa tabaka lake mwenyewe wanaoona aibu kuongozwa na mwanamke, mumewe akiwa miongoni mwao. Tamthilia haimruhusu msomaji kuamini kwamba nyanja ya pili yaweza kusubiri mpaka ya kwanza ishinde. Mgomo unadhoofika pale hasa ambapo wanaume wanashughulishwa na nani anaongoza kuliko wanakokwenda. Kwa lugha ya makala haya, wafanyakazi wanauliza "twendapi?" huku wakiwa hawajakubaliana kwamba Lanina yumo katika "tu".

Tukiyasoma maandishi haya kwa pamoja, tunapata funzo ambalo hakuna hata moja linalolitoa peke yake. Kijitabu kinatufundisha kwamba kuubadilisha mfumo huanza kwa kudai haki ya kuuliza kwa wingi. Sauti ya Dhiki inatufundisha kwamba haki hiyo yaweza kuhifadhiwa na mtu mmoja aliyetengwa, mradi asiache kumwachia mwenziwe zamu. Chembe cha Moyo kinatuonyesha gharama inayolipwa zamu zinapokwisha. Kilio cha Haki kinatuonya kwamba wingi wenyewe lazima upiganiwe kila siku, hata miongoni mwa walio upande wa haki.

Hitimisho

Vifungu vya sheria ya uchochezi vilivyotumiwa dhidi ya mwandishi wa Kenya: Twendapi? viliondolewa katika sheria za Kenya mwaka 1997, na Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza. Mafanikio hayo si madogo, na yalipatikana kwa jasho la wengi ambao majina yao hayamo katika vitabu vyetu. Lakini mabadiliko ya sheria hayajabadilisha namna tunavyofundisha. Tungali tunawapa wanafunzi msimamo bila ya jambo linaloshikiliwa, na jawabu bila ya swali.

Makala haya yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila tunapofundisha mashairi ya gerezani, tuanze na kauli iliyomfunga mtunzi, na tuihakiki kwa makini yale yale tunayoyahakiki mashairi. Pili, vijikaratasi na vijitabu vya siasa vilivyosambazwa kwa Kiswahili nchini Kenya tangu miaka ya 1960 vikusanywe na kuchunguzwa kama utanzu, kwa kuwa humo ndimo nathari ya upinzani ya Kiswahili ilimokomalia. Utafiti wa aina hiyo unamsubiri mwanafunzi wa uzamili mwenye subira ya kuwatembelea wazee na kufungua masanduku yao kabla karatasi hizo hazijaliwa na mchwa.

Mwanafunzi yule aliyetuuliza "hawati nini?" alikuwa ametangulia kuianza kazi hiyo. Katika semina iliyofuata tulianza upya, safari hii na mwaka 1968, na ni yeye aliyepewa zamu ya kwanza.